Neno "Habibi": Asili Yake, Safari Zake, na Haki Yake Katika Kiswahili

Katika shule za pwani yetu ya kusini, tangu Kilwa hata Lindi, limeingia neno ambalo limewatia waalimu mashaka, nalo ni habibi. Huku Pande watoto huitana kwa neno hilo wakicheza. Vijana huliandika katika simu zao. Mchuuzi wa samaki humwita mnunuzi kwalo, na utingo wa gari humwita kwalo abiria asiyemjua. Waalimu wamehitilafiana juu yake. Wengine wasema ni neno la wapenzi, halifai kinywani mwa mtoto, na lipigwe marufuku. Wengine wasema ni mchezo wa simu tu, utapita kama ilivyopita michezo mingine. Sisi twaona hukumu zote mbili zimetolewa kabla ya shahidi kusikilizwa. Basi na tulisikilize neno lenyewe: lilizaliwa wapi, lilipita njia gani, na limetufikia katika hali gani. Baada ya hayo ndipo tutakapopima.

Wasomaji wetu wajua ya kuwa maneno mengi ya Kiarabu hujengwa juu ya herufi tatu zisizo irabu, na kwamba herufi hizo ndizo mifupa ya neno. Mifupa ya neno letu ni h, b, na b. Na h hiyo si ile nyepesi ya "hapa", bali ni ile itokayo kooni. Habib maana yake ni mpendwa. Ile i ya mwisho ni sawa na "wangu". Kwa hiyo habibi peke yake ni "mpendwa wangu", wala halihitaji kuongezwa kitu. Akiitwa mwanamke, neno huwa habibati, na katika mazungumzo ya kila siku hufupishwa likawa habibti. Lakini katika nyimbo za Waarabu ni desturi ya siku nyingi mwanamume kumwita mwanamke kwa umbo la kiume, na hivyo habibi huenea kwa wote wawili.

Katika kwao, neno hili si la wapenzi peke yao. Mama humwita kwalo mtoto anayelia. Baba humwita kwalo mwanawe aliye na ndevu. Mwenye duka humwambia mnunuzi, na mwanamume humwambia rafiki yake mbele ya watu, wala hakuna anayecheka. Tena husemwa hata katika ugomvi: mtu aliyekasirika hulitamka polepole, kwa sauti nzito, ili kumwonya mwenziwe kwamba subira yake imekaribia kwisha. Neno lenye kazi nyingi namna hii haliwezi kuhukumiwa kwa kazi moja tu.

Sasa na tutazame nyumbani. Twasema kwamba neno limeingia, lakini ukoo wake umekaa nasi kwa muda mrefu. Huba na mahaba ni wa ukoo huo. Muhibu na mahabubu pia. Na kitenzi kustahabu, yaani kupendelea jambo kuliko jingine, ni ndugu yao. Wazee wetu waliwapa watoto wao majina ya Habibu na Habiba, na majina hayo yamo katika daftari za shule zetu mwaka huu kama yalivyokuwamo katika za babu zetu. Basi mwalimu anayemwita "Habibu" asimame asome, kisha akamwadhibu jirani yake kwa kusema "habibi", amemwadhibu kwa tofauti ya irabu moja.

Hapa yafaa tuonye, kwani wapenda lugha huteleza mahali hapa. Si kila neno lenye sauti za namna hii ni la ukoo huu. Sahibu, yaani rafiki, lina mifupa mingine. Hiba, yaani zawadi anayopewa mtu bila malipo, nalo ni la mbali: mifupa yake ni w, h, na b, na h yake ni ile nyepesi. Ukoo huo wa hiba ndio uliotoa lakabu ya sultani wa Kilwa aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Sultani huyo, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib, "baba wa vipaji", kwa ajili ya ukarimu wake. Sikio la Mswahili husikia huba na hiba kama mapacha. Asili yasema si mapacha. Kwa upande mwingine, haba, ile ya "haba na haba hujaza kibaba", yatoka katika neno la Kiarabu la punje, nalo huandikwa kwa herufi zile zile za habib. Mwanafunzi akiyajua haya atakuwa amejifunza kwamba lugha ni nyumba yenye vyumba vingi, na kwamba kufanana kwa milango si dalili ya kuwa chumba ni kimoja.

Ushahidi mkubwa kuliko huo umo katika barua. Pwani yetu haikuanza kuandika jana. Barua za Kiswahili za kale kabisa zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa huko Bara Hindi. Katika karne ya 19, mtu wa pwani alipomwandikia mwenziwe juu ya pembe, nguo au deni, hakuanza na shauri lake. Alianza na safu ya heshima: alimtaja kwa jenabu yake, akamwita shekhe, akamwita ndugu, akamwita muhibu. Wazungu waliokusanya barua hizo, kama C. G. Büttner aliyezichapisha Ujerumani mwaka 1892, walikuta salamu za namna hiyo zikirudi barua baada ya barua. Mfanyabiashara alimwita mwenziwe mpendwa hata pale alipokuwa akimdai, wala hapakuwa na aibu. Neno lilikuwa na mahali pake, na mahali pake palikuwa mlangoni.

Tena lilipanda likawa cheo. Masharifu wa Hadhramaut huitwa Habib kwa heshima, na katika Afrika ya Mashariki hakuna aliyejulikana zaidi kwa jina hilo kuliko Habib Swaleh wa Lamu, wa ukoo wa Jamal al-Layl, mwalimu aliyeanzisha msikiti wa Riyadha, ambao kwa maulidi yake huvuta wageni kutoka pwani yote. Waislamu humwita Mtume wao Habibullah, yaani mpendwa wa Mungu. Wala Wakristo hawako mbali na neno hili. Biblia ya Kiarabu iliyotafsiriwa Beirut na Eli Smith na Cornelius Van Dyck, ikamalizika mwaka 1865, inapofika penye ubatizo katika Yordani humwita Mwana al-habib. Watafsiri wetu wa Kiswahili walichagua "mpendwa", neno la Kibantu, nalo ni chaguo jema. Lakini padre anayeliona habibi kuwa neno la vichochoroni na akumbuke kwamba Mkristo wa Misri au wa Lebanoni hulisikia neno la ukoo huo huo kanisani, wala hainui uso kwa haya.

Basi mashtaka ya kwanza, ya kwamba ni neno la wapenzi tu, hayakusimama. Lakini hayakutoka hewani, na haki yataka tuonyeshe yalikotoka. Yalitoka katika nyimbo.

Taarabu ya Unguja ilianza kuimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliifuata njia hiyo ya Misri. Siti binti Saad aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake wakatiwa sauti katika santuri. Santuri hizo zilisafiri penye gramafoni yo yote. Mwaka 1953 ilianza redio ya Sauti ya Waarabu kutoka Kairo, na Umm Kulthum akasikika katika nyumba za pwani kama jirani. Mwimbaji huyo alifariki mwaka 1975, lakini sauti yake haikunyamaza. Mwaka 1996 Amr Diab wa Misri alitoa wimbo uitwao Nour El Ain, maana yake nuru ya jicho. Habibi ndilo neno lake la kwanza katika kiitikio, nao ulichezwa Ulaya, Bara Hindi na Afrika kwa watu wasiojua hata neno moja jingine la Kiarabu. Kwa hiyo msikilizaji wa pwani alilipata habibi mara ya pili, likiwa limevaa vazi moja tu, vazi la mapenzi. Lile la barua lilikuwa limesahauliwa pamoja na barua zenyewe, tangu watoto wetu walipoanza kufundishwa kuandika "Mpendwa Bwana" kwa herufi za Kirumi. Na jambo hili lachekesha kidogo, kwa maana "Mpendwa Bwana" ni muhibu yule yule aliyebadili kanzu.

Njia ya tatu ndiyo ya zama zetu. Waarabu walipohamia Ujerumani, Sweden, Ufaransa na Marekani walichukua neno lao, na vijana waliokua nao mitaani, Waturuki, Wasomali na Wazungu, wakalishika. Waandishi nao wakalipeleka vitabuni: Naomi Shihab Nye alikiita Habibi kitabu chake cha hadithi mwaka 1997, na Craig Thompson akakiita jina hilo hilo kitabu chake cha picha mwaka 2011, na wote wawili ni Wamarekani. Kisha kuna Dubai. Katika Falme za Kiarabu wenyeji ni kama mtu mmoja tu katika kumi. Waliobaki ni wageni, Wahindi, Wapakistani, Wafilipino, Wamisri, Waafrika, waliokwenda kutafuta kazi. Watu hawa hawana lugha ya mama iliyo moja, lakini kila mmoja hulijua habibi. Dereva humwambia abiria, bawabu humwambia mpagazi. Hivyo katika mji ule neno husemwa na watu wengi ambao si Waarabu, kama vile Kiswahili kinavyosemwa na watu wengi ambao si Waswahili.

Mwisho ukaja mtandao. Hapo zamani simu na kompyuta hazikuandika Kiarabu kwa urahisi, na vijana wa Kiarabu walianza kuandika lugha yao kwa herufi za Kirumi. Ile h ya kooni, isiyo na herufi katika Kirumi, wakaiandikia tarakimu 7, kwa kuwa umbo lake lafanana na herufi yao ḥa. Ndiyo maana mwalimu aweza kuona katika simu ya kijana "7abibi", akadhani ni fumbo la siri. Si fumbo, ni uangalifu. Kijana wa Kairo aliyeandika hivyo alitaka kuilinda sauti ya lugha yake asije akaipoteza. Wetu walipolichukua waliiangusha ile 7 wakaandika h tu, kwa maana sikio letu halikuihitaji.

Katika miaka ya 2020 lilienea katika picha fupi za TikTok na mahali pengine neno moja la mzaha, ambalo kwa lugha yetu ni, "Habibi, njoo Dubai." Maneno matatu; lakini yamekwenda mbali kuliko mashairi mengi marefu, nasi twapenda kuyachambua kama tuchambuavyo ubeti.

La kwanza ni mwito. La pili ni amri. La tatu ni mahali. Mwito wamwita kila mtu mpendwa, yaani haumwiti mtu ye yote. Amri haina sababu: njoo, lakini ufanye nini? Na mahali pametajwa kwa jina tu, kama kwamba jina latosha. Katika picha hizo mara nyingi huonekana minara, magari ya thamani na jua likichwa baharini. Msemaji aonekana mara chache, na mara nyingi ni mtu wa mbali anayeiga matamshi ya Kiarabu ili watu wacheke. Kwa ufundi, neno hili limefaulu. Ni fupi, lina mdundo, na lakumbukika. Wala hatusemi kwamba mzaha ni dhambi. Mshairi wa pwani naye hutania. Lakini kwa adabu ya lugha lina upungufu mmoja: limeondoa anayeitwa na anayeita. Katika barua ya kale, muhibu alikuwa na jina, na mwandishi alikuwa na jina, na chini palikuwa na muhuri au sahihi. Huyu alisema, huyu aliambiwa. Katika mzaha wa mtandao, upendo umetamkwa na mtu asiyejulikana kwa mtu asiyejulikana, wala hakuna atakayeulizwa.

Hapa ndipo tunapoiona pia hitilafu ya wale waliosema ni mchezo tu. Neno lisilo na mwenyewe huokotwa na kila apitaye. Kwetu kusini jambo hili si la nadharia. Vijana wa kike na wa kiume wa pwani huahidiwa kazi Omani na katika Falme za Kiarabu, na mwenye kuahidi huja na maneno ya upendo. Wengi huenda wakafanya kazi kwa amani, wakapeleka fedha nyumbani, wakajenga. Tusiwadhulumu kwa kuwasahau. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani katika nchi hizo, na humo yameandikwa mambo ya kunyang'anywa pasi, kufanyishwa kazi saa nyingi bila kupumzika, kunyimwa mshahara, na kupigwa. Wanawake hao walikuwa wamefungwa na sheria ya mdhamini, ambayo kwayo mfanyakazi hakuweza kumwacha bwana wake apendavyo. Waswahili husema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hawakusema maneno matamu ni mabaya. Walisema yana nguvu, na nyoka akishatoka pangoni hajui ni nani aliyemwita.

Wala hatupendi mtu adhani kwamba twamlaumu Mwarabu kwa neno lake. Kilwa Kivinje palikuwa katika karne ya 19 lango kubwa la watumwa wa kusini, hata ulipokuja mkataba wa mwaka 1873 uliokataza kuwasafirisha kwa bahari. Na katika biashara ile palikuwa na mikono ya mataifa mengi, pamoja na ya wenyeji wa pwani na wa bara waliowauza jirani zao. Aliyemhadaa mtoto wa Kimakonde au wa Kingindo kwa tende na maneno laini aliweza kuwa mtu wa lugha yo yote. Kosa halikuwa katika lugha. Kosa lilikuwa kwamba neno la upendo lilisemwa na mtu asiyekusudia kudaiwa cho chote nalo.

Tukitoka katika habari ya neno hili na madhara yake, inabaki habari ya lugha yenyewe: je, Kiswahili kitaharibika kwa kulipokea? Sisi twaona hakitaharibika, na dalili yake ni hii. Sikiliza vijana: hawasemi habibi tu, husema "habibi wangu". Kwa Mwarabu hayo ni makosa, kwani amesema "mpendwa wangu wangu". Kwa Mswahili si makosa. Ni ushahidi kwamba neno limevuliwa sarufi yake likavishwa yetu. Ndivyo lilivyofanyika laazizi, nasi twasema "laazizi wangu" bila kuona haya. Ndivyo lilivyofanyika malaika: kwa Kiarabu ni wengi, mmoja ni malak, kwetu mmoja ni malaika na wengi ni malaika, na zaidi ya hayo likawa neno la kumwita mpenzi au mtoto mchanga. Tena neno hilo lilitoka kwetu likaenda ulimwenguni kwa wimbo uitwao Malaika, ulioimbwa na Fadhili William wa Kenya, kisha na Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini, na baadaye na kundi la Boney M huko Ujerumani. Hivi neno la Kiarabu lilipata mapenzi mapya katika Kiswahili, na watu wa Ulaya wakalipokea kutoka kwetu wakidhani ni letu tangu mwanzo. Nasi twasema ni letu. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno lililopewa jembe likalima si mgeni tena.

Hatari ya kweli kwa mwanafunzi ni nyingine, nayo ni ndogo lakini yafaa ijulikane. Kijana aliyezoea picha za simu husikia maneno mengine ya mapenzi ya Kiarabu, akadhani ayajua kwa kuwa yafanana na ya Kiswahili. Husikia hayati, ambalo kwa Mwarabu ni "maisha yangu", naye humwandikia mchumba wake hivyo. Lakini kwetu hayati ni mtu aliyekwisha kufa, na mchumba huyo amesomewa tanzia yake akiwa hai. Husikia umri, ambalo katika jina la wimbo wa Umm Kulthum wa mwaka 1964, Enta Omri, maana yake ni maisha ya mtu tangu mwanzo hata mwisho. Kwetu ni hesabu ya miaka tu, na anayemwambia msichana "wewe ni umri wangu" ataulizwa ana miaka mingapi. Na husikia neno la moyo, lenye ile k ya ndani kabisa ya koo, ambayo Kiswahili hakina. Akilitamka kwa k yetu, "kalbi", washairi wetu watamwelewa. Lakini Mwarabu atasikia "mbwa wangu". Hapa mwalimu ana kazi ya furaha, na darasa litacheka, na wakicheka watakumbuka.

Mwisho, na tujipime wenyewe kwa kipimo cha haki. Wako waalimu wanaosema, "Kwa nini mataifa yalichukue neno la Waarabu wakalifanya mchezo?" Ni swali jema, lakini na tuligeuze upande wetu. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa sinema ya The Lion King, na kwa hiyo maneno yetu mawili, hakuna matata, yakajulikana duniani kote. Kampuni hiyo iliyaandikisha huko Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo, na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi zao kulipinga jambo hilo. Sisi tuliona uchungu. Tuliuliza, neno la kila mtu lawezaje kuwa la duka moja? Tena yule anayetusalimu kwa "hakuna matata" akidhani ametusalimu kwa lugha yetu yote, twamstahi kwa kuwa ni mgeni, lakini moyoni twajua kwamba hajatuamkia bado. Basi Mwarabu anayesikia habibi katika mzaha wa watu wasiomjua, akaigizwa sauti na kanzu yake kana kwamba yeye ni minara na magari tu, aona kama tulivyoona sisi. Tusimtendee tusivyopenda kutendewa.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Neno habibi lisipigwe marufuku katika shule zetu, kwani ni ndugu wa maneno tuliyokuwa nayo kabla ya shule hizo kujengwa. Wala lisiachwe lizurure. Lirudishwe mahali pake, na kazi hiyo ni ya mwalimu wa lugha. Mtoto na afundishwe mambo matatu: kwanza, nani anasema, pili, anamwambia nani, tatu, baada ya kusema atadaiwa nini. Mtoto akimwambia mtoto mwenziwe, ni mchezo mwema. Akimwambia mwalimu wake au mzee wa mji, amekosa adabu; si kwa sababu neno ni chafu, bali kwa sababu kwetu mkubwa haitwi kwa neno la usawa, huamkiwa shikamoo. Na mtu asiyemjua akimwita yeye mpendwa, naye na aulize jina lake, na mji wake, na shauri lake, kabla ya kuitika.

Twapendekeza pia zoezi moja kwa madarasa ya juu. Mwalimu na awafundishe wanafunzi wake jinsi barua ya pwani ilivyokuwa ikifunguliwa zamani: jenabu, shekhe, ndugu, muhibu, jina la mwandikiwa na jina la mji wake, kisha salamu, kisha shauri, na mwisho jina la mwandishi na tarehe. Kila mwanafunzi aandike moja kwa jamaa yake aliye mbali, Dar es Salaam, Muskati au Dubai, na aipeleke kweli, hata kama ni kwa simu. Hapo atatambua mwenyewe kwamba kumwita mtu mpendwa ni kazi: yataka umjue jina, ukumbuke alipo, na uweke sahihi yako chini.